Sola Zanzibar ni bima, tusiinadi kama dawa ya tabianchi

Umeme ukikatika tu hapa Mjini mjadala ni ule ule, huyu anasema tujaze sola na betri tujitegemee, yule anasema pesa hizo bora tuongeze waya wa baharini tuchukue umeme wa bara maana sasa hivi kule upo wa kutosha. Mie nawasikiliza wote na naona kila mmoja ana haki yake, ila watu wa sola wanaitetea kwa hoja iliyo dhaifu na ile ya nguvu wameiacha.

Tuanze na watu wa waya. Waya wa mwanzo ulikuja 1980, 2013 tukapata mwengine wa megawati 100 kwa pesa za Marekani, na Pemba ina wake wa megawati 20 kutoka Tanga tangu 2010. Bara nako bwawa la Nyerere la mto Rufiji limeshaingia kazini, megawati 2,115, mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja. Sasa sola inazalisha mchana na sie watu wa majumbani tunakamua umeme kuanzia magharibi, taa, feni, tivii, pasi ya nguo za skuli, kwa hiyo bila betri unakuwa na umeme mwingi saa sita na giza saa mbili usiku. Betri zimeshuka bei sana tangu 2010, sawa, lakini bado ni pesa. Na ardhi je? Megawati moja ya sola inakula hekta moja mpaka mbili, kisiwa chenyewe hichi ambacho ndugu wanapelekana mahakamani kwa kiwanja cha kujenga vyumba viwili.

Kwenye tabianchi ndo hoja ya sola inapochechemea. Ukiweka sola hapa ikachukua nafasi ya umeme wa maji ya Rufiji, moshi uliopunguza karibu hamna. Ikichukua nafasi ya umeme wa gesi ya Songo Songo, kidogo inasaidia. Ikizima jenereta la dizeli hapo ndo imefanya kazi hasa. Kwa hiyo mtu akikuambia kila paneli inaokoa dunia, muulize kwanza inazima mtambo gani.

Lakini watu wa waya nao wamesahau 2008? Mwezi wa tano umeme ulikatika kisiwa kizima cha Unguja karibu mwezi, halafu Disemba 2009 ukakatika tena mpaka Machi 2010, miezi mitatu hiyo. Sio giza tu jamani, pampu za maji zinasimama, watu wanazunguka na madumu, muuza samaki anauza kwa bei ya kutupa kabla ya adhuhuri kwa sababu barafu hamna, kinyozi kaweka jenereta dogo mlangoni, linakula petroli faida yote.

Kuna mchumi anaitwa Alfredo Burlando alilifanyia utafiti lile giza la 2008, ukachapishwa 2014. Alikuta wale ambao kazi zao zinategemea umeme walipungukiwa saa za kazi na kipato, hilo unalitegemea. Kisha akaenda kwenye kumbukumbu za wodi ya wazazi, akakuta watoto waliokuwa tumboni wakati ule walizaliwa na uzito mdogo zaidi. Na mimba nazo ziliongezeka, hapo mcheke mtakavyo. Ila hebu fikiria, mama hata hajui waya umeharibika wapi, kipato cha nyumba kimepungua na mtoto ndo anaulipia. Hasara hiyo kwenye bei ya yuniti ya Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, huioni, na mtu akilinganisha sola na waya kwa shilingi za yuniti peke yake keshaiacha nje ya hesabu.

Waya wa pili unasaidia ukiharibika wa kwanza, hausaidii tatizo likiwa kule unakotoka. Bara ilikuwa na mgao kwa ajili ya ukame 2006, 2011, na 2022 tena. Na lile sekeseke la 2017 la deni letu la umeme kwa bara, la kutishiwa kukatiwa, nalo si la kusahau.

Kuna jambo moja linanitia wasiwasi upande wa sola na silisikii likisemwa. Wenye uwezo wa kujiwekea paneli na betri ni mahoteli na matajiri, ndo hao hao wanaolipa bili kubwa. Wakijitoa, gharama za nguzo, transfoma na waya zinabaki palepale, zinamwangukia mtu wa Jang'ombe anayenunua umeme wa elfu mbili elfu mbili. Hoteli inayotaka kubaki na laini ya shirika kama akiba ilipie hiyo akiba kila mwezi, hata isipotumia yuniti moja.

Mie ningenunua umeme wa kila siku kwa waya, kwa sababu ni rahisi na wa maji si mchafu, halafu sola na betri nizihesabu kama bima, ziende kwanza kwenye pampu za maji na mahospitali, sio kutawanya paneli ilimradi tupigwe picha. Na ningeanzia Pemba. Kule matumizi ni madogo, megawati chache za sola zinabeba sehemu kubwa ya mahitaji ya mchana, na mtu wa Wete waya ukikorofisha hana wa kumkimbilia.