Barua ya Anandibai na Kiti cha Peshwa

Agosti 30, 1773, ndani ya jumba la Shaniwar Wada mjini Pune, India, kijana wa miaka 18 alikuwa akikimbia chumba hadi chumba, nyuma yake walinzi wake mwenyewe wakiwa na panga. Ni Narayanrao, Peshwa wa Wamaratha, watu wa dola kubwa ya India ya wakati huo. Peshwa kwa cheo ni waziri mkuu, ila kufikia wakati huo ndiye aliyetawala. Mfalme wa Satara alibaki na heshima tu. Inasimuliwa kwamba kijana alimrukia Raghunathrao akilia, "Kaka, mala vachva!" Msomaji wa Kiswahili asidanganyike hapo: kwa Kimarathi, kaka ni baba mdogo. Alikuwa anamwomba ndugu wa baba yake amwokoe. Hakuokolewa.

Hadi leo ukiuliza habari hii, utapewa kisa cha barua. Raghunathrao aliwaandikia walinzi "dharave", akamatwe. Mkewe Anandibai akageuza herufi moja, ikasomeka "marave", auawe. Kisa kitamu, na ndiyo maana mimi nakitilia shaka. Kinamtupia mwanamke lawama yote, na mume anatoka akiwa nusu msafi. Jaji Ram Shastri Prabhune hakukwama kwenye herufi. Alichunguza, akamwambia Raghunathrao usoni kwamba ana hatia.

Lakini tumpe mtuhumiwa haki yake. Raghunathrao hakuwa mtu wa kuokotwa. Mwaka 1758 majeshi aliyoyaongoza yalifika hadi Attock, kando ya mto Indus. Baada ya maafa ya Panipat ya Januari 1761, Wamaratha waliposhindwa vibaya na Waafghani, kiti kilimwendea Madhavrao, mtoto wa kaka yake, akiwa na miaka 16. Mzee wa vita akabaki kuwa mlezi, halafu mpinzani, halafu mfungwa ndani ya jumba lile lile. Madhavrao alipokufa kwa kifua kikuu mwaka 1772, kiti kikampita Raghunathrao tena, kikaenda kwa Narayanrao, mdogo wa Madhavrao. Cheo chenyewe kilikuwa cha kuteuliwa na mfalme; desturi ya kukirithisha ilikuwa na umri wa miaka 50 na ushee tu. Nani angesema kwa uhakika kwamba baba mdogo hana fungu? Hoja hiyo ina uzito, mpaka pale damu ilipomwagika.

Upande wa pili, dhidi ya Raghunathrao aliyekalia kiti baada ya mauaji, wamo Barbhai, kundi la wakubwa wa serikali, Nana Phadnavis na Sakharam Bapu wakiwa mbele. Mjane wa Narayanrao, Gangabai, alikuwa mjamzito. Wakampeleka kwenye ngome ya Purandar wakamlinda. Aprili 18, 1774 akajifungua mtoto wa kiume, na kabla hajafikisha miezi miwili kichanga kikawa Peshwa. Wapo wanaoyaita haya mapinduzi: mabwana waliotaka bosi asiyeweza kusema. Mimi nasema kwa mwaka ule hawakuwa na njia nyingine. Raghunathrao mwenyewe aliwathibitishia alipokimbilia kwa Waingereza wa Kampuni ya India Mashariki, na Machi 1775, kwa mkataba wa Surat, akawaahidi kisiwa cha Salsette na mji wa Vasai, karibu na Bombay, ili wamrudishie kiti. Vita ikadumu hadi mkataba wa Salbai, 1782, na Januari 1779 jeshi la Kampuni kutoka Bombay lilizingirwa Wadgaon likasalimu amri. Mlinzi wa kiti alikuwa Nana. Aliyekiuza alikuwa mwenye damu ya kiti.

Kosa la Nana naliona baadaye. Yule mtoto alikua, akaota ndevu, na bado hatamu zikabaki mikononi mwa mlezi wake. Oktoba 1795, akiwa na miaka 21, Sawai Madhavrao alianguka kutoka ghorofani Shaniwar Wada na kufariki. Wengine husema alijirusha, wengine ni homa. Vyovyote iwavyo, hakuacha mtoto, na wala Nana hakuwa amemlea mwingine wa kushika nafasi.

Zikafuata hila za mwaka mzima, huku Nana akibadili upande. Mwisho wake aliyeketi alikuwa Bajirao wa Pili, mtoto wa Raghunathrao na Anandibai. Desemba 31, 1802, akiwa amekimbia Pune baada ya kupigwa na Holkar, mmoja wa wakuu wa Wamaratha, alijiweka chini ya ulinzi wa Waingereza kwa mkataba. Waliutia saini Vasai, mji ule ule ambao baba yake aliuahidi.