Nafasi ya mwalimu wa sanaa: kati ya msanii mwenye jina na mwalimu anayewajua watoto

Shule binafsi inayosomesha watoto wa miaka 7 hadi 11 inapotangaza nafasi ya mwalimu wa sanaa, maombi yanayofika mezani huangukia kwa kawaida katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la wasanii: wachoraji, wafinyanzi na wachapaji wenye shahada za sanaa, wenye maonyesho nyuma yao, ambao hawakupita chuo cha ualimu. Fungu la pili ni la walimu wa shule za msingi waliojenga uzoefu katika kufundisha sanaa, ambao picha zao wenyewe ni za kawaida tu na hazijawahi kutundikwa popote nje ya korido za shule. Shule ya umma mara nyingi haina uhuru wa kuchagua kati ya makundi haya, kwa kuwa sheria imekwisha kuichagulia. Shule binafsi katika nchi kadhaa inao uhuru huo; huko England, kwa mfano, hailazimiki kisheria kuajiri mwenye cheti cha ualimu kinachotambuliwa na serikali. Kwa hiyo uamuzi unabaki kwa mwalimu mkuu na bodi yake, na jinsi uamuzi huo unavyofikiwa mara nyingi unastahili kutazamwa upya.

Hoja ya kumwajiri msanii ina nguvu, na haifai kupuuzwa. Anayeishi kwa kazi ya mikono yake anajua mambo ambayo hayasomwi kwenye mtaala. Mfinyanzi anajua kwamba kipande cha udongo kilichofungiwa unyevu ndani kinaweza kupasuka ndani ya tanuri, na kwamba vumbi la udongo uliokauka halifagiliwi bali hufutwa kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu lina madini ya silika yanayodhuru mapafu. Mchoraji wa rangi za maji anajua ni lini karatasi ikae hadi ikauke na ni lini brashi ipite ikiwa bado mbichi. Mtoto anayefundishwa na mtu wa namna hii huona kwa macho yake kwamba sanaa ni kazi, ina subira yake, na kwamba hata mtu mzima hutupa michoro mitano ili apate mmoja. Zaidi ya hayo, msanii hana mazoea ya kuridhika na vitu rahisi. Ni vigumu kumpata akigawa maumbo ya kipepeo yaliyokatwa tayari ili darasa zima libandike vipande vya karatasi mahali palepale.

Wanaomtetea msanii hupenda pia kutaja mji wa Reggio Emilia, kaskazini mwa Italia, ambako tangu miaka ya 1960 shule za awali za manispaa, chini ya uongozi wa Loris Malaguzzi, zilijenga utaratibu wa kuwa na atelierista, yaani mtu aliyesomea sanaa, anayesimamia karakana ya watoto ndani ya shule. Utaratibu huo umesifiwa duniani kote, na kwa haki. Lakini wanaoutaja kwenye vikao vya ajira huacha nusu yake. Atelierista wa Reggio Emilia hakuachiwa watoto peke yake. Kila darasa lilikuwa na walimu wawili, na juu yao mshauri wa malezi aliyezisaidia shule kadhaa. Msanii alifanya kazi bega kwa bega na watu waliowajua watoto wale siku nzima. Tena watoto wenyewe walikuwa chini ya miaka 6, umri ambao mtoto bado huchora bila kujihukumu. Shule inayomchukua msanii, ikampa chumba, ratiba na madarasa manane, kisha ikamfungia mlango, haijaiga Reggio Emilia. Imechukua sehemu inayovutia macho ikaacha sehemu inayobeba mzigo.

Na umri ndio kiini cha jambo lote. Viktor Lowenfeld, mtaalamu wa elimu ya sanaa aliyezaliwa Austria na kufundisha Marekani, alieleza katika kazi yake iliyochapishwa mwaka 1947 hatua ambazo uchoraji wa mtoto hupitia. Kwa mujibu wake, mtoto wa miaka 7 hadi 9 ana alama zake thabiti: mtu anachorwa hivi, nyumba hivi, ardhi ni mstari chini ya karatasi na mbingu ni mstari juu. Kuanzia miaka 9 hivi mambo hubadilika. Mtoto anaanza kutaka picha yake ifanane na kitu chenyewe, anatazama karatasi ya jirani, na kwa mara ya kwanza anaona pengo kati ya alichokusudia na kilichotoka. Watafiti waliokuja baadaye wamebishana na Lowenfeld kuhusu mipaka ya hatua hizo na kama zinawahusu watoto wa tamaduni zote kwa namna moja. Hata hivyo, mwalimu yeyote aliyekaa na watoto wa umri huu anaijua sentensi inayotokea hapo: "Mimi siwezi kuchora." Watu wazima wengi wanaoitamka leo waliianza wakiwa na umri wa miaka 9 au 10, na hawakuiacha tena. Shule ya watoto wa miaka 7 hadi 11 humpokea mtoto kabla ya mgogoro huo na kumuaga baada yake. Katika somo la sanaa, sioni jukumu zito kuliko kumvusha.

Tumtazame mtoto mmoja kwa karibu. Ana miaka 9 na anachora mkono wake wa kushoto kwa penseli. Vidole vimetoka vinene, kidole gumba kimekaa mahali pasipo pake. Anafuta, anachora, anafuta tena mahali palepale, mpaka karatasi inachunika na kuota manyoya. Anaweka penseli chini. Msanii mwenye moyo mwema, akipita hapo, hufanya kile ambacho mkono wake umezoea: anainama, anachukua penseli, na kwa mistari mitatu anakiweka kidole gumba sawa juu ya karatasi ileile ya mtoto. Amesaidia kwa nia njema kabisa. Lakini mtoto amepata uthibitisho wa kile alichokuwa akikishuku, kwamba mkono sahihi ni ule wa mtu mwingine, na picha ile si yake tena. Mwalimu aliyefundwa kazi hii haigusi karatasi ya mtoto. Anavuta karatasi nyingine, anaweka mkono wake mwenyewe juu ya meza, na kuuliza swali dogo: kati ya kidole cha shahada na kidole gumba, ile nafasi tupu ina umbo gani? Chora nafasi hiyo tu, vidole viache kwanza. Swali hilo linamwondoa mtoto kwenye wazo alilokariri kuhusu mkono na kumrudisha kwenye kutazama. Hamvishi kilemba cha ukoka kwa kumwambia picha ni nzuri wakati wote wawili wanaona sivyo, wala hamnyang'anyi kazi yake.

Ujuzi huu hauonekani kwenye jalada la picha za mwombaji. Hapo ndipo mwalimu wa fungu la pili anapodhulumiwa bila mtu kukusudia. Wajumbe wa bodi wanafungua majalada mawili. Moja limejaa turubai kubwa zenye rangi nzito, jingine lina michoro ya unyenyekevu na picha za kazi za wanafunzi. La kwanza linashangaza, na linafaa pia kuwekwa kwenye kijitabu cha kuwavutia wazazi. Nayaelewa mazingira ya shule inayoendeshwa kwa ada, ambayo lazima ionekane. Lakini kinachopimwa pale ni uwezo wa mtu mzima kufanya sanaa, ilhali kinachonunuliwa ni uwezo wa watoto kuifanya.

Kuna hesabu moja ambayo kila bodi ingepaswa kuifanya kabla ya kuketi kwa usaili. Chukulia darasa la watoto 24 na kipindi cha dakika 45 kwa wiki. Kuvaa aproni, kugawa karatasi, kujaza maji, na kutoa maelekezo kunakula dakika 10. Kuosha brashi, kufuta meza na kutandaza kazi zikauke kunakula 10 nyingine. Zimebaki 25. Mwalimu akizigawa sawasawa kwa watoto wote, kila mmoja anapata dakika moja na sekunde mbili tatu hivi za macho yake. Kwa mwaka wa masomo wa wiki 36, hizo ni dakika 37 na nusu. Kwa miaka minne yote ambayo mtoto atakaa katika shule hiyo, ni saa mbili na nusu. Hiyo ndiyo jumla ya muda ambao mwalimu wa sanaa atakuwa na mtoto mmoja, ana kwa ana, katika kipindi chote ambacho mtoto huyo anaamua kama yeye ni mtu anayeweza kuchora au la.

Sasa ona jinsi hesabu hiyo inavyobadilika kulingana na nani amesimama mbele. Mwalimu aliyezoea watoto wadogo, ambaye amewapa zamu za maji, ameweka brashi kila meza kabla kengele haijalia, na ambaye watoto wake wanajua kufuta meza bila kuambiwa mara mbili, anaweza kupunguza maandalizi na usafi hadi dakika 10 kwa jumla. Muda wa kazi unapanda hadi dakika 35, na fungu la kila mtoto kwa miaka minne linafika saa tatu na nusu. Mtu asiye na mazoea hayo, hata awe na kipaji cha namna gani, anaweza kubakiwa na dakika 15 za kazi baada ya maji kumwagika na mikasi kupotea. Fungu la mtoto linashuka hadi saa moja na nusu. Yaani mmoja anampa mtoto zaidi ya mara mbili ya kile anachopewa na mwingine, kabla hatujauliza chochote kuhusu ubora wa kinachofundishwa. Na ikiwa shule ina madarasa manane ya namna hiyo, mtu huyu anakutana na watoto 192 kwa wiki. Kuwajua kwa majina, na kukumbuka wiki hii ni nani aliyekata tamaa wiki iliyopita, ni kazi ya ualimu. Uhodari wa brashi hauisaidii.

Upande wa pili utajibu kwamba cheti cha ualimu hakimhakikishii mtoto lolote, na hapo wako sahihi. Kozi nyingi za ualimu wa msingi hutenga saa chache tu kwa sanaa, na ukutani mwa shule nyingi utaona picha 24 zinazofanana kama noti zilizotoka kiwandani pamoja, kazi ya mwalimu mwenye cheti halali aliyeogopa fujo kuliko alivyopenda sanaa. Mwalimu wa aina hiyo asiajiriwe. Ninayemtetea ni yule aliyechagua sanaa ndani ya ualimu na kuisomea kwa miaka kupitia watoto wenyewe. Nisingemtetea kwa ile hoja iliyozoeleka kwamba sanaa itawapandishia watoto alama za hisabati. Watafiti wa Marekani Ellen Winner na Lois Hetland walipokusanya na kupima tafiti za jambo hilo, katika kazi iliyotoka mwaka 2000, hawakupata ushahidi wa kuaminika kwamba kusomea sanaa za uoni kunasababisha alama za masomo mengine kupanda. Mwalimu wa sanaa apimwe kwa sanaa.

Historia yenyewe inasahaulika upesi. Kozi ya awali ya Bauhaus, shule mashuhuri ya sanaa na usanifu ya Ujerumani, iliyoanza Weimar mwaka 1919 na kuigwa na vyuo vya sanaa duniani kote, ilianzishwa na Johannes Itten, ambaye kabla ya kuwa mchoraji alikuwa amesomea ualimu wa shule ya msingi. Baada yake kozi hiyo ilipita pia mikononi mwa Josef Albers, aliyekuwa amefundisha shule za msingi huko Westphalia kwa miaka kadhaa, na aliyeingia Bauhaus kama mwanafunzi mwaka 1920 akiwa na zaidi ya miaka 30. Wote wawili walikuwa wasanii wakubwa, ni kweli, na mtu anaweza kuwadai kwa upande wa wasanii. Lakini mbinu ya kumpa mwanafunzi karatasi tupu na kumwambia agundue karatasi inaweza kufanya nini inafanana sana na mazoea ya mtu aliyewahi kusimama mbele ya watoto. Na Marion Richardson, aliyefundisha katika shule ya wasichana mjini Dudley, England, kuanzia mwaka 1912, aliwataka wanafunzi wafumbe macho wasikilize akieleza mandhari, kisha wachore walichokiona akilini. Mhakiki Roger Fry alipozionyesha kazi hizo London mwaka 1917, zilizomvutia ni picha za wanafunzi.

Kwa maoni yangu, basi, nafasi ya kudumu apewe mwalimu wa watoto aliyeisomea sanaa, na msanii aalikwe kwa wiki kadhaa kila mwaka afanye kazi yake mwenyewe mbele ya watoto, huku mwalimu akiwa chumbani. Mpango huo una gharama zake na ratiba yake ngumu, lakini unampa kila mmoja kazi anayoiweza.

Usaili nao ubadilike. Somo moja la mfano halitoshi, kwa kuwa mtu yeyote mchangamfu anaweza kulishika darasa geni kwa dakika 45. Mwombaji apewe masomo mawili kwa darasa lilelile, wiki mbili mfululizo, na la pili lianze na kazi ambazo hazikumalizika katika la kwanza, ili ionekane anafanya nini na mtoto aliyeiacha picha yake kwa hasira. Mjumbe mmoja akae nyuma na saa mkononi, ahesabu dakika ambazo watoto walikuwa wakifanya kazi na idadi ya watoto waliosemeshwa mmoja mmoja. Mwingine aangalie ni mara ngapi penseli ya mwombaji iligusa karatasi ya mtoto. Kisha aombwe aeleze kazi tatu za wanafunzi wake wa zamani: mtoto huyu alianzia wapi, alikwama wapi, aliambiwa nini. Jalada la picha zake mwenyewe lifunguliwe baada ya hayo yote.