Dakika mbili hazitoshi kwa vumbi hili

Kila msimu wa mbio za magari za ubingwa wa taifa Kenya, kero ni ile ile: magari yanaachiliwa kwa pengo la dakika mbili kwenye barabara kavu, upepo umelala, na vumbi linabaki limetanda kati ya miti. Mwelekezi, anayekaa kando ya dereva, anasoma sawasawa noti za kona zinazokuja, lakini dereva haoni ukingo wa kona. Anaachia akselereta, sekunde zinapotea, na matokeo yanasema ni mzembe!

Pancha ndiyo inayoharibu kabisa. Kupiga jeki, kufungua nati, kufunga spea: kwa wawili waliozoea ni dakika mbili hivi. Kwa hiyo aliyesimama anarudi barabarani wakati ule ule mwenzake wa nyuma anafika, kisha anamrushia vumbi na mawe hadi mwisho wa mkondo, yaani kipande cha barabara kinachopimwa muda. Jamani, pisheni! Kupisha ni sekunde chache.

Waandaaji nao waachilie magari kwa pengo la dakika tatu asubuhi isiyo na upepo. Kwa magari 20, mkondo unarefuka kwa dakika 19 tu. Dakika hizo ratiba haizikosi.