"Ongeza RAM" si dawa ya kila kompyuta nzito

Kompyuta ikiwa nzito, karibu kila mtu ana dawa moja: ongeza RAM, ile kumbukumbu ya muda inayoshika kazi unayoifanya. Dawa hiyo hutolewa kabla ya kumpima mgonjwa, ndiyo maana kuna mashine zilizojazwa RAM na bado zinachukua dakika kadhaa kuwaka. Lugha nayo inachangia. RAM tunaiita kumbukumbu, diski tunaiita kumbukumbu, hata nafasi ya picha kwenye simu ni kumbukumbu, kumbe kasi za vitu hivi hazikaribiani kabisa.

Iliyo jirani zaidi na prosesa, chipu inayofanya hesabu zote, ni kumbukumbu ndogo iitwayo kache. Hutumia aina iitwayo SRAM, ambapo kila biti hushikwa na transista (swichi ndogo mno) sita. Ni ya haraka mno ila inakula nafasi kwenye chipu, na huwezi kuiongeza baada ya kununua. RAM ya kawaida ni aina iitwayo DRAM: transista moja na kapasita (kitunza chaji) moja kwa kila biti, muundo ambao Robert Dennard wa IBM alipata hataza yake mwaka 1968. Kapasita hiyo inavuja chaji kama mtungi wenye ufa, hivyo lazima ijazwe tena na tena. Kwenye DDR4, mojawapo ya vizazi vya RAM, kwa kawaida kila seli hujazwa upya ndani ya milisekunde 64. Umeme ukikatika, ujazaji unakoma na kazi ambayo hukuihifadhi imekwenda.

Kufuata data kwenye RAM huchukua takriban nanosekunde 100. Diski ya sahani zinazozunguka huhitaji kama milisekunde 10, yaani mara laki moja zaidi. SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka, iko katikati, makumi ya maikrosekunde hadi mia hivi. Sasa fikiria RAM ikijaa: mfumo endeshi huanza kuhamishia sehemu ya data kwenye diski, na prosesa iliyozoea kusubiri nanosekunde inasubiri milisekunde. Hapo ndipo kipanya huganda.

Kwa hiyo pima kwanza. Kwenye Windows, fungua programu zote unazotumia siku ya kazi, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, kisha angalia sehemu ya utendaji (Performance). RAM ikiwa juu ya asilimia 90 huku diski ikihangaika, umepungukiwa RAM. RAM ikiwa nusu tu lakini diski imeganda kwenye asilimia 100, hata ukiongeza gigabaiti 32 hutaona tofauti. Toa diski ya sahani, weka SSD. Kwenye Linux, andika free -h na usome safu ya "available", si ya "free". Wengi hushtuka kuona RAM iliyo huru ni kidogo, ilhali mfumo huitumia kwa makusudi kuweka faili zilizosomwa karibuni, na huiachia programu inapoihitaji. Programu zinazojigamba "kusafisha RAM" zinaondoa msaada huo, kisha faili zilezile husomwa upya kutoka kwenye diski. Ziondoe.

Kipimo kikisema RAM ndiyo shida, ukubwa si jambo pekee la kuangalia. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani. DDR4 na DDR5 za kompyuta ya mezani zote zina pini 288, lakini pengo la katikati limewekwa mahali tofauti. Ukiona kipande kinakataa kuingia, usikilazimishe. Laptopu nyingi nyembamba zina RAM iliyochomelewa kwenye mazabodi (bodi kuu), kwa hiyo kagua kabla ya kununua chochote. Vipande viwili vya gigabaiti 8 ni bora kuliko kimoja cha 16, kwa sababu prosesa husoma kupitia njia mbili: DDR4-3200 hutoa gigabaiti 25.6 kwa sekunde kwa njia moja, 51.2 kwa mbili. Wenye michoro inayotegemea RAM ya kompyuta, bila kadi ya michoro ya pekee, ndio watakaonufaika zaidi. Mazabodi ikiwa na nafasi nne, kwa kawaida hujazwa ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa. Ukichanganya kasi tofauti, vyote hufuata kilicho polepole.

Wakati wa kufunga, zima, chomoa umeme, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde chache, toa betri ikiwezekana, kisha gusa chuma kisicho na rangi ili uondoe umemetuli mwilini. Kwenye laptopu, kipande huingia kikiwa kimeinama, kisha hulazwa mpaka vibanio vya pembeni vilie. Skrini ikibaki nyeusi, mara nyingi kipande hakijakaa vizuri. DDR5 ni mwenye mambo yake: mara ya kwanza inaweza kukaa dakika kadhaa gizani ikijipima, na anayekata umeme kwa wasiwasi anaianzisha upya safari hiyohiyo.

Kisha pima RAM kwa MemTest86, programu ya kutafuta makosa ya RAM, uiache izunguke mara nne. Hata kosa moja ni kubwa mno, maana RAM mbovu huharibu faili kimyakimya siku nyingi kabla ya skrini ya buluu kutokea. Makosa yakionekana, kwanza zima XMP, mpangilio unaoendesha RAM kwa kasi zaidi ya ile ya kawaida. Makosa yakiendelea, pima kipande kimoja kimoja kwenye nafasi ileile mpaka mkosaji ajulikane. Vyote vikikosea hapo, hamia nafasi nyingine kabla ya kuvitupa.