Mliosikia nimetapika njooni hapa

Haya, kwa kuwa kuna mtu (anajijua) ameshatangaza kwenye magrupu kwamba usiku wa kuamkia kolonoskopi (kile kipimo cha kamera ya utumbo mpana) nilitapika nyumba nzima, natoa taarifa rasmi. SIJATAPIKA. Nilichofanya ni kibaya zaidi na nitakisimulia mwenyewe, ila hilo neno mliondoe kwenye jina langu, mara ya mwisho kutapika nilikuwa mtoto na hiyo rekodi nailinda kwa nguvu zote.

Mnaonifuata siku nyingi mnanijua. Mtu akisema tumbo linanivuruga, mimi huyo nje. Hii hofu ya kutapika wataalamu wanaiita emetofobia, ndugu zangu wanaiita maringo. Kwa hiyo daktari aliponiambia lazima kamera ipitishwe kule nyuma wakaangalie utumbo mpana, kamera haikunitisha hata kidogo, pitisheni hata mbili. Swali langu lilikuwa moja, dokta, hiyo dawa ya kusafishia tumbo inatapisha? Akasema wengine huwa wanapata kichefuchefu kidogo. KIDOGO. Usingizi ukanihama tangu pale.

Dawa yenyewe ni unga, unaukoroga kwenye maji, mimi nilipewa lita 4, mbili jioni na mbili alfajiri, unashusha glasi moja kila dakika 10 hadi 15. Na siku hiyo huli kitu, ni vinywaji tu, tena vile ambavyo ukishika glasi unaona upande wa pili, na visiwe vyekundu maana wakivikuta kule ndani watadhani damu. Nikajipanga. Nikaomba kidonge cha kuzuia kichefuchefu nikapewa, dawa nikaiweka kwenye friji kwa sababu ikiwa baridi ladha inapungua, nikanunua na mirija ili ipite mbali na ulimi. Nikanunua na ndoo mpya. Ndoo sio ya kutapikia jamani, ni ya kukaa tu pale nikiitazama moyo unatulia. Na besti nikamwita alale kwangu, maana ukishachomwa sindano ya usingizi hawakuachii uondoke bila mtu. Ndio huyohuyo mtangazaji wenu.

Jioni ilipita salama, yani nilikaa chooni mpaka miguu ikafa ganzi lakini juu kulikuwa shwari. Balaa ni alfajiri. Glasi za mwishomwisho, tumbo limejaa mpaka nikitembea nasikia maji yanacheza, nimesimama kwenye korido, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika ndoo, na ghafla mate yakaanza kujaa mdomoni. Wenye ugonjwa wangu mnayajua yale mate. Nikaganda. Nikapumua kwa pua taratiiibu, nikaanza kuhesabu vigae, nikakaza koo, nikakaza shingo, nikakaza mpaka kope, kila msuli niliojaliwa nikauita huku juu uje kusaidia. Besti kwenye kochi anauliza, "We vipi?" Simjibu, nikifungua mdomo nimekwisha. Kitu kikaanza kupanda. Kinapanda. Kimefika kifuani. Nikapiga yowe, "NATAPIKAAA!" Besti akaruka, simu ikaanguka kule, mimi nimefumba macho, na kitu kikatoka.

Mbweu.

Mbweu tu, ndefu, nzito, ya mzee aliyeshiba. Jamani ile furaha. Nikaanza kucheka, shosti ni mbweu tu, nacheka mpaka naishika ndoo kwa mikono miwili, na ndio hapo mkumbuke kwamba misuli yote ilikuwa juu, nilikuwa nimelinda mlango wa mbele kumbe mwizi ana ufunguo wa nyuma. Sikusikia hata dalili. Yale maji hayabishi hodi wala hayatoi sauti. Nilihisi joto nyuma ya paja, nikaendelea kucheka kidogo, joto likafika gotini, kicheko kikapungua, likafika kwenye soksi. Kimya. Mimi namwangalia besti, besti anaangalia vigae. Nikainama na mimi kuangalia, na wallahi kitu cha kwanza kunijia kichwani ni ile karatasi ya maelekezo, imeandikwa kwamba ukiona yanatoka ya njano na hayana uchafu ujue utumbo umeshasafika. Yalikuwa ya njano, safi kabisa, mistari ya vigae inaonekana chini yake. Nikamwambia, "Nimefaulu."

Besti, Mungu ampe maisha marefu hata kama ni mmbea, akachukua dekio. Akapiga hatua ya kwanza, ya pili, akasimama, akaweka mkono mdomoni. Akaninyang'anya ile ndoo. Mnaelewa sasa? Matapishi yalikuwepo, sikatai, ila sio yangu!! Na mimi sikumpa hata pole, nilikimbia chooni na soksi zangu zinachuruzika, nikajifungia, nikaziba masikio na kuimba kwa sauti mpaka akaniapia mlangoni kwamba ameshamaliza na ndoo imeshatoka nje.

Hospitali hakuna la maana, nililalia ubavu wa kushoto, sindano, nikaamka. Wanakujaza hewa kule ndani ili waone vizuri kwa hiyo ukiamka nesi anakwambia jamba usione haya, nikajamba. Wamekuta kinyama kimoja kidogo wamekikata kimeenda maabara, nasubiri majibu.

Mnaoniuliza inbox kama inauma, sijui, nililala. Anayeuliza suruali, niliitupa usiku uleule, na soksi pia. Soksi zilikuwa za besti, bado hajagundua, naomba msimuoneshe hii.