Nimefungwa Kanga kwa Sababu ya Ligi Kuu

Naomba nieleweke mapema: mimi si mtu wa kukaa barazani kwa watu na kanga kiunoni saa nne asubuhi. Nina heshima zangu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya chama chetu cha msingi, nikiingia mkutanoni watu wanasogea kwenye benchi bila kuambiwa. Lakini juzi hapa Magomeni (ya Mtwara, siyo hiyo ya Dar mnayoisifia bure) nimekaa saa mbili na robo mbele ya cherehani, miguu nimeibana kama mwari siku ya kutolewa nje, na kisa chenyewe ni kubishana kama Yanga kubeba kombe kila mwaka maana yake ligi imekufa au iko hai.

Ilianza na suruali. Nilikuwa nawahi mkutano, nikarusha mguu kupanda bodaboda kwa ujana ambao sina, msamba ukaachia. Yule kijana akazima pikipiki akanyamaza, kama mtu aliyepishana na jeneza. Kisha akadai nauli, na safari yenyewe hatujaianza.

Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Hilo silisemi. Gesi ya kufulia umeme inatoka hapa hapa kwetu Mnazi Bay, mnajua wenyewe.

Kwa hiyo mafundi wote wenye cherehani za umeme walikuwa wamekaa nje wanapiga bao, nikabaki na mmoja tu, mzee mwenye cherehani ya miguu. Fundi mzuri, mkono wake haukosei. Ila ana ugonjwa: mguu wake na mdomo wake vimefungwa kwenye waya mmoja. Mdomo ukianza, mguu unasimama. Na huyu mzee ni shabiki wa Simba. Si Simba ya kusema tu. Ukutani ana kalenda nyekundu ya miaka ile ya raha zake, hajaibandua, tarehe anazisoma hivyo hivyo na siku hazilingani.

Shemeji, mke wa fundi, akaniletea kanga. Sikuitazama maandishi. Mtu mwenye suruali iliyopasuka hachagui kanga.

Fundi akapitisha uzi, akakanyaga mara tatu, tiki tiki tiki, nikaanza kuuona mkutano. Hapo ndipo akaingia yule yule kijana wa bodaboda, koti lake la baridi zipu imegoma, na chini ya koti, jezi ya njano ya Yanga.

Mguu wa fundi ukasimama.

"Ligi gani hii," akasema, anamsemesha kijana lakini ananitazama mimi. "Bingwa ntu mmoja kila mwaka. Ligi imekuwa laini kama nkate wa kumimina."

Kijana akamwamkia vizuri kabisa, shikamoo mzee wangu, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. "Mzee, sisi tumechukua minne mfululizo, kuanzia 2021/22 mpaka 2024/25. Kabla yetu mlichukua nyinyi minne mfululizo, kuanzia 2017/18 mpaka 2020/21. Ile ligi yenu nayo ilikuwa mkate?"

"Ile ilikuwa ngumu."

"Ugumu wake nini?"

"Tulikuwa tunachukua kwa shida, nwanangu. Tunatoka jasho. Nyinyi mnachukua kama mnaokota mabibo."

Nikasema kwa upole wa kiongozi: fundi, suruali. Sindano ilikuwa imesimama katikati ya msamba, nusu imezama, nusu iko hewani.

Akakanyaga mara mbili. Mguu ukagoma tena, maana kijana kasema ligi dhaifu haiwezi kupeleka timu mbili fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ndani ya miaka mitatu. Na hapo mtoto hakudanganya. Yanga walifika 2023, wakafungwa na USM Alger hapa nchini 2-1, wakaenda Algiers wakashinda 1-0, wakanyimwa kombe kwa bao la ugenini. Simba wakafika 2025, Berkane ya Morocco ikawashinda. Na katikati hapo, 2024, wote wawili walikuwa robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Yanga wakatolewa na Sundowns kwa penalti, Simba wakatolewa na Al Ahly.

"Hiyo ni Simba na Yanga," akasema fundi. "Nimekuuliza ligi. Ligi ni timu 16. Hizo 14 ziko wapi?"

Sasa hapa nikakosea. Ningenyamaza ningeshonewa. Lakini mjumbe wa kamati amezoea kuombwa neno la hekima, nikajikuta nimeshakohoa. Nikawaambia kwamba Sundowns wamechukua ubingwa wa Afrika Kusini mara nane mfululizo, 2018 mpaka 2025, na mwaka huo wa nane wakacheza fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Bayern wa Ujerumani walichukua mara 11 mfululizo, 2013 mpaka 2023, na ndani ya miaka hiyo wakabeba kombe la Ulaya mara mbili. Kwa hiyo, nikasema, huku nimeinua kidole kama niko jukwaani, timu moja kutawala haitoshi kuthibitisha ligi ni mbovu.

"Umemaliza?" fundi akauliza.

"Nimemaliza."

"Bayern wanashonewa wapi suruali?"

Kijana akacheka mpaka akakaa chini. Fundi naye akacheka, akavua miwani, akaifuta na pindo la suruali yangu.

Pembeni alikuwa amekaa dada muuza ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, beseni lake kivulini, kimya muda wote. Akasema bila kuinua macho: "Mtaa huu nauza ming'oko peke yangu. Mnanisifia kila siku, ming'oko yako mitamu, hakuna kama wewe. Mmewahi kuuliza kama ni mitamu kweli, au wenzangu hawana jembe la kuchimbia?"

Tukanyamaza wote watatu. Naapa, kwenye redio za michezo watu wanalipwa kwa kuongea na hawajawahi kulisema hilo.

Maana angalieni wenyewe. Zamani kombe lilikuwa linatembea. Tukuyu Stars walilichukua 1986, Coastal Union ya Tanga 1988, Mtibwa wakalichukua 1999 na 2000. Tangu hapo, ukitoa Azam ya 2013/14 iliyobeba bila kufungwa hata mechi moja, kombe linahama kutoka Jangwani kwa Yanga kwenda Msimbazi kwa Simba, linarudi Jangwani, kama sahani ya harusi kwa majirani wawili. Na tunalalamika kwamba jirani mmoja kakaa nayo muda mrefu!

Hata wanaopata jembe halidumu mkononi. Yanga ilicheza mechi 49 za ligi bila kufungwa, Novemba 2022 ikaenda Mbarali, mkoani Mbeya, Ihefu ya huko wakaipiga 2-1. Mbarali nzima hawakulala. Leo Ihefu iko wapi? Inaitwa Singida Black Stars. Watu wameangusha mbuyu, wakahamishiwa mkoa mwingine na shoka lao.

Nilitaka kulisema hilo kwa utulivu, ila kijana akawa hana la kujibu, na kijana wa Yanga akikosa la kujibu anajua dawa. Akanyoosha mkono. Hakusema kitu. Alifungua tu vidole vitano mbele ya uso wa fundi, taratibu, kimoja kimoja.

Tarehe 5 Novemba 2023. Yanga 5, Simba 1. Kwa mzee huyu ile si matokeo, ni ugonjwa wa ukoo. Akainuka kwenye cherehani! Akaweka suruali yangu begani kama taulo, akashika futi ya kupimia, akamwambia kijana zipu yako kaishonee Jangwani. Kijana anarudi nyuma, vidole vitano bado viko juu. Dada wa ming'oko anahamisha beseni. Na mimi? Mkutano umeshaanza, suruali yangu iko begani kwa mtu anayefukuza mtu.

Hapo uvumilivu ukaniishia. Nikapiga kelele, jamani, mnapigania nini? Mmoja wenu amewahi kukaa Jangwani? Mmoja wenu anaijua Msimbazi, zaidi ya kuteremka basi akaulizwa anakwenda wapi? Sisi tulikuwa na Ndanda! Ndanda yetu, tunacheza pale uwanja wa Nangwanda Sijaona, ukitoka kwako kwa miguu unafika. Yanga ikija, watu wa Mtwara, waliozaliwa Ligula, waliokula ming'oko ya Mtwara, wanaingia uwanjani na jezi za njano. Simba ikija, nyekundu. Siku moja Ndanda tukapata kona, nikasimama kushangilia kona, watu wakageuka kunitazama kama nimecheka msibani. Mzee mmoja akaniuliza kwa huruma, kijana, wewe mgeni wa wapi?

Mwaka 2020 tukashuka daraja. Nani alilia? Siku ile nilipita mtaa huu huu, fundi, ulikuwa unashona bendera ya Simba! Mnauliza hizo timu 14 ziko wapi. Mmoja wao alikuwa hapa, mlimzomea kwake! Sasa tunaazima Namungo ya ndugu zetu wa Ruangwa, na kule nako Dar wakija ni yale yale, ingawa Namungo hiyo ndiyo iliyofika makundi ya Shirikisho ikakaa kundi moja na Raja Casablanca. Gesi imewekewa bomba ikaenda Dar. Korosho ghafi inapakiwa inakwenda India na Vietnam kubanguliwa. Ushabiki nao tumeusafirisha ghafi, hata maganda hatukubakiza!

Maneno yalikuwa mazito na mikono yote ilikuwa hewani. Nilisahau kwamba kanga ilikuwa inashikiliwa na mkono mmoja.

Wakati ule ule, na sijui ni dhambi gani nilifanya, mama mkwe wangu alikuwa anapita anatoka sokoni na kikapu cha samaki. Alichokiona anajua yeye na Mungu wake. Alijifunika uso kwa mtandio akavuka barabara, bajaji ikafunga breki. Nikaokota kanga nikamwita kwa nyuma, "Shikamoo mama," ndiyo nikaharibu kabisa.

Fundi akarudi kwenye cherehani mwenyewe. Akashona kimya, dakika nne, akamaliza. Dakika nne! Bei elfu tatu, nikalipa bila kuuliza. Nilipofika nyumbani ndipo nikaona kwamba suruali yangu ya kaki, msamba wote, kutoka mbele mpaka nyuma, kaushona kwa uzi mwekundu.

Mkutano nao niliukuta umeahirishwa, akidi haikutimia. Mjumbe mmoja hakuonekana.

Sasa niko sebuleni nalala kwenye mkeka, feni haizunguki, mbu wamenijua jina. Maana kwa haraka ile niliondoka na kanga ya watu, nimeisokomeza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na ming'oko. Mke wangu kaifungua, kaitandaza kitandani, kasoma kwa sauti: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Kaniuliza ni ya nani. Nikamweleza yote, Yanga, Simba, Ihefu, Bayern mara 11, sikuacha kitu. Akasikiliza mpaka mwisho. Mama yake alikuwa ameshapiga simu.

"Kwa hiyo," akasema, "hao Simba na Yanga siku hizi wanavaa kanga?"

Kesho asubuhi nitairudisha kwa shemeji. Nitapita njia ya nyuma, ile ya bandarini, na nitakwenda kwa miguu. Bodaboda sipandi tena.