Kabla ya kununua leseni ya mikutano, uliza bando ni la nani

Mwenye biashara ndogo hapa Mombasa akitaka kuanza mikutano ya mtandaoni, swali lake la kwanza huwa: leseni ni bei gani? Kwangu mimi hilo ni swali la mwisho. La kwanza ni hili: watakaoingia mkutanoni wataingia kwa simu gani, kwa bando la nani, na wakiwa wapi?

Mimi ni wakala wa forodha, kazi ya kutoa mizigo bandarini. Mkutano wetu wa kawaida una mtu wa hesabu aliyeketi ofisini Moi Avenue kwenye waifai, mteja aliye Kampala, dereva aliyesimama kwenye mizani ya Mariakani, na kijana wetu aliye Kilindini kando ya kontena linalokaguliwa. Kati ya hao wote, mwenye waifai ni mmoja tu. Kebo za intaneti za baharini zimekuwa zikitua Mombasa tangu 2009, TEAMS na SEACOM zikiwa miongoni mwa zile za mwanzo, lakini hilo halimsaidii sana mtu wa Mtongwe anayenunua bando la siku.

Piga hesabu uone. Mkutano wa kundi wenye video unaweza kula kuanzia megabaiti 800 hadi zaidi ya gigabaiti 2 kwa saa moja, kutegemea ubora wa picha. Sauti peke yake kwa saa hiyo hiyo haifiki hata megabaiti 100. Bosi anayesema "washeni kamera zote" ametoa pesa mfukoni mwa wafanyakazi wake, na hakuna risiti inayoonyesha hivyo. Hili linaniudhi kweli. Kama kampuni inataka nyuso, basi kampuni inunue bando.

Kwetu tunafanya hivi. Kamera zote huzimwa. Yule wa bandarini akiulizwa sili, yaani lakiri yenye namba inayofunga kontena, anawasha kamera, anaisogeza simu karibu na mlango wa kontena mpaka namba isomeke, mteja anailinganisha na makaratasi yake, kisha kamera inazimwa. Hiyo ndiyo video yenye faida. Tena huku nyuma mashine za kunyanyulia kontena zinanguruma, kwa hivyo maiki yake hukaa imezimwa mpaka zamu yake ifike. Programu ambayo maiki yake ni ya kutafuta kwa kidole mara tatu haitufai, hata ikiwa ya bure.

Sasa tuje kwenye programu zenyewe. Zoom ya bure inakupa watu 100 lakini inakata baada ya dakika 40, na tangu 2022 kikomo hicho kinawahusu hata watu wawili. Google Meet ya bure inatoa dakika 60 mkiwa watatu au zaidi. Mkiwa wawili mnaweza kuzungumza hata siku nzima. Microsoft Teams ya bure nayo ni dakika 60. Jitsi Meet haina gharama, na mgeni anafungua kiungo tu bila kujisajili, ingawa tangu 2023 anayeanzisha mkutano kwenye tovuti yao lazima aingie kwa akaunti, kwa mfano ya Google. Halafu kuna WhatsApp, ambayo kila mtu anayo tayari: simu ya kundi inachukua watu 32, na tangu 2023 unaweza kuonyesha skrini yako. Kwa mazungumzo ya wenyewe kwa wenyewe, WhatsApp inatosha kabisa. Kwa mteja mgeni siipendi, kwa sababu namba za watu wote zinaonekana, na si kila mfanyakazi anataka namba yake ibaki kwa mteja.

Kulipia kuna wakati wake. Ukiwa na wateja wa nje kila wiki, mkutano ukikatika katikati ya hesabu za gharama za kuchelewesha kontena, mteja anaona ofisi haijajipanga. Hapo lipa. Lakini wengi hawajui kwamba anayehitaji leseni ni mwenye kuitisha mkutano. Wageni wanaingia bure. Ofisi ya watu sita haina haja ya leseni sita, leseni moja ya yule anayeitisha mikutano inatosha mradi mikutano miwili isigongane. Teams Essentials, kifurushi cha kulipia cha Microsoft, ilipotoka Desemba 2021, iliuzwa dola 4 kwa mtumiaji kwa mwezi, kwa mikutano ya hadi saa 30. Bei hubadilika, kwa hivyo angalia ya leo, jumlisha VAT ya asilimia 16, na ukumbuke dola haikai mahali pamoja. Asiye na kadi ya benki anaweza kulipa kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay.

Kabla ya kutoa hata shilingi, ijaribu programu mahali penye mtandao mbovu kuliko pote mnapofanyia kazi. Mwambie mmoja wenu aingie akiwa kwenye feri ya Likoni saa za jioni, watu wamejaa. Sauti yake ikisikika, endelea nayo.

Kurekodi ndiko kunakowavutia watu kwenye leseni ghali, na hapo nasita. Sura na sauti ya mtu ni data yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka umweleze unarekodi nini na kwa nini. Isitoshe, nani atasikiliza tena saa nzima? Na huduma yenyewe inaweza kufungwa: Skype, programu ya simu za mtandaoni, ilifungwa Mei 2025, na walioitegemea wakalazimika kuhamisha mazungumzo yao ya miaka. Kwetu mmoja huandika ukurasa mmoja: ushuru unalipwa na nani, lori linaingia lini, karatasi gani bado. Mchana huo huo unatumwa kwa wote, na aliyekatikiwa na bando anausoma kama wenzake.